Kituo cha Reli Kwenye Kompyuta ya Dirishani

Kila asubuhi maktaba ya Vesterby, mji mdogo wa wafugaji huko Marekani, ilipofunguliwa, Bi Ardis Nygaard alikuwa keshasimama mlangoni, skafu imepanda mpaka puani, anaitazama theluji kama mtu aliyemkosea adabu. Hakufuata vitabu. Vitabu alikuwa navyo nyumbani vya kumtosha mpaka kaburini. Alifuata kompyuta ya dirishani, ile yenye kiti kinacholia ukikikalia, na ndani ya kompyuta hiyo alifuata kituo cha reli.

Kituo chenyewe kilikuwa mbali, jimbo la Montana, katikati ya milima. Wapenzi wa treni, na dunia hii ina watu wanaopenda treni kuliko wake zao, walikuwa wametundika kamera juu ya paa, ikawa inaonyesha moja kwa moja kila kinachopita. Hapakuwa na la ajabu. Reli mbili, taa moja, ukuta wa misonobari. Huko jua huchelewa kupanda mlima, kwa hiyo taa ilikuwa bado inawaka wakati Vesterby kumeshapambazuka. Theluji ilianguka kwenye kioo cha kompyuta na theluji ilianguka kwenye kioo cha dirisha, na Bi Ardis akikaa sana alikuwa hajui tena ipi ni ya wapi. Treni ya mizigo ilipita taratibu, behewa baada ya behewa, bila sauti, hadi macho yake yakalegea na mikono ikasahau kuwa ina baridi.

Kisha mwanamume mwenye koti la rangi ya chungwa alitoka na fagio, akafagia theluji pale reli zinapoachana. Alipomaliza alisimama chini ya taa na kikombe chake, mguu wa kushoto kaulegeza, vilevile alivyokuwa akisimama marehemu baba yake zizini. Huyo alikuwa Loren, mtoto wake wa pekee. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mumewe, baba wa Loren.

Waligombana juu ya ng'ombe. Loren alisema hataki kukamua maisha yake yote, mama akasema maneno, Loren naye akasema yake. Lakini maneno si yaliyomuuma Bi Ardis. Kilichomuuma ni kahawa.

Vesterby mtu hakubali kahawa mara ya kwanza. Ukikaribishwa unasema hapana, usijisumbue. Ukikaribishwa tena unasema nimetoka kunywa sasa hivi. Mara ya tatu ndipo unavua kofia, unavuta kiti na kusema, basi, labda nusu kikombe, na nusu hiyo inajazwa mpaka ukingoni. Anayekukaribisha mara moja kisha akanyamaza, huyo amekufukuza. Siku ile Loren alikuwa mlangoni, kofia kichwani, mkono kwenye kitasa. Mama alisema, "Kahawa?" Kijana akasema, "Hapana, Mama, usijisumbue." Bi Ardis akamgeuzia mgongo, akaosha sahani iliyokuwa safi.

Sasa, Bi Ardis alikuwa pia kwenye bodi ya maktaba. Mwanzoni mwa baridi alipita mgeni mmoja, akaketi kwenye kompyuta iyo hiyo ya dirishani, hatua chache kutoka zulia la watoto, akafungua uchafu ambao sitauandika. Mwenyekiti wa bodi, Verlyn Stoltz, aliyekuwa muuza mbegu kabla ya kustaafu, akaitisha kikao.

"Tuweke kichujio cha mtandao," alisema Verlyn. "Kampuni inatufungia mtambo, uchafu unabaki nje, sisi tunalala usingizi wetu."

Mkutubi, Marisela Quintana, alikuwa ametoka Arizona, kwenye jua kali, na baridi ya Vesterby ilikuwa haijamzoea. Alitikisa kichwa. "Mtambo hauangalii kitu kimojakimoja, Verlyn. Unafunga mafungu mazima. Utamfungia mtu jambo lake la maana na hatajua kwa nini."

"Si atakuja kwako umfungulie? Mtu mzima anaruhusiwa kuomba."

"Aombe mbele ya nani? Mbele ya foleni?"

"Mwenye nia safi anaogopa nini?"

Verlyn hakuwa mtu mbaya. Mjukuu wake alikuwa kwenye zulia lile siku ile. Bi Ardis aliinua mkono kukikubali kichujio bila kusita, na ungekuwapo ungeinua wako.

Kichujio kikaja. Asubuhi yake Bi Ardis aliketi, kiti kikalia, akafungua kituo chake, na badala ya reli akaona ubao mwekundu: ukurasa umezuiwa, fungu la kamera za moja kwa moja. Kwa kuwa watu wengi hutumia kamera za namna hiyo kuonyesha uchi, kampuni ilikuwa imevitia kapu moja uchi, viota vya tai na vituo vya reli. Uso ulimwiva Bi Ardis. Alifunika kioo kwa skafu, mwanamke wa kanisa, kana kwamba kaokotwa baa.

Marisela aliuona wekundu ule akasogea. "Kimekugomea kitu, Bi Ardis? Nikufungulie?"

"Hapana, usijisumbue."

"Kweli? Ni kubonyeza tu, si kazi."

"Hapana, hapana. Nilikuwa napita tu."

Marisela alilelewa mahali ambapo hapana ni hapana. Alitabasamu, akarudi mezani kwake. Bi Ardis alikaa mikono mapajani, akingoja aulizwe mara ya tatu. Hakuulizwa.

Baridi ikaendelea. Aliendelea kuja, kwa kuwa miguu ilikuwa imezoea, akafungua taarifa za hali ya hewa ya Montana akasoma kuwa kunaanguka theluji. Halafu alitazama nje, kwenye uwanja wa magari, na mara nyingine taa ya uwanjani ilifanana na ile ya kituoni, na gari la kusukuma theluji lilipopita polepole alisubiri kuona behewa la pili. Mchana, akisinzia kitini nyumbani kwake, treni ilipita jikoni. Ilipita kwa adabu, kati ya meza na jiko, bila kutikisa vikombe, na kwenye kila dirisha alisimama mtu mwenye koti la rangi ya chungwa aliyempa mgongo. Aliamka na moyo unamuuma, unamuuma kweli. Je, kama kahamishwa? Kama kaumia relini? Nani angemwambia?

Angeweza kuomba. Lakini kumwomba Marisela afungue kile ambacho yeye mwenyewe aliinua mkono kifungwe, mbele ya watu, na kila mtu mjini anajua kinachofungwa ni nini!

Theluji ilipoanza kulainika bodi ilikaa tena, keki zimefunikwa pembeni kungoja mwisho wa kikao.

"Suala la kichujio ni rahisi," alisema Verlyn. "Tangu kiwekwe hajatokea hata mtu mmoja kuomba kufunguliwa. Maana yake hakijamuumiza mtu. Tukifanye cha kudumu, twende kwenye keki."

Marisela alikuwa ameinamisha kichwa. Ni kweli, hakuna aliyeomba.

"Yupo mtu," alisema Bi Ardis.

"Yupo nani?"

"Mimi."

"Wewe, Ardis?" Verlyn alisema. "Ulikuwa unatafuta nini?" Na papo hapo ikaonekana anatamani angejiuma ulimi.

"Mwanangu."

Akawaeleza, kifupi, akiitazama meza: kituo, fagio, taa. Hakuwaeleza habari za sahani.

"Lakini mimi nilikuuliza," Marisela alisema kwa unyonge. "Nilikuuliza kabisa."

"Uliniuliza mara mbili."

Verlyn alijikuna shingo. "Marisela, binti yangu, hapa tunauliza mara tatu. Tulikuajiri bila kukwambia."

Marisela aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo katika mji huu, ambao mtu haombi hata apitishiwe chumvi, mmetunga sheria ya kuomba. Mkakaa mkahesabu wasioomba."

Mmoja wao alianza kuzifunua keki, akazifunika tena.

"Na yule bwana na uchafu wake?" Verlyn aliuliza baadaye, sauti imeshuka. "Akirudi je? Kuna watoto pale."

"Akirudi niite," alisema Bi Ardis. "Nimeshafukuza fahali kwa ndoo."

Wakakubaliana kichujio kibaki kwenye kompyuta za watoto, ile ya dirishani ifunguliwe na kugeuzwa, kioo kiwe upande wa ukuta, kisionekane kutoka kwenye zulia la watoto. Verlyn alipinga mpaka mwisho, mkono wake ukahesabiwa. Kisha akamkatia Bi Ardis kipande kikubwa cha keki. Alikataa mara mbili.

Asubuhi iliyofuata kituo kilikuwapo. Taa ilikuwapo. Bi Ardis alitazama mpaka machozi yakamharibia picha, akayafuta, na mwanamume akatoka na fagio. Alipoinua kikombe chake, mama alitoa simu mkobani. Namba alikuwa nayo miaka yote.

Alisikia ikiita. Kwenye kioo mtu yule alikuwa bado anakunywa, kwa kuwa picha hukawia kidogo nyuma ya sauti.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Mama? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nakuona hapo."

"Unaniona wapi?"

"Kwa kamera iliyo juu ya paa. Umekonda. Skafu yako iko wapi?"

Loren alicheka pumzi moja. Kwenye kioo ndiyo kwanza anapapasa mfuko kutafuta simu.

"Njoo unywe kahawa, Loren."

"Ah, Mama. Ni mbali. Usijisumbue."

"Njoo unywe kahawa."

"Kazi ni nyingi huku. Theluji bado haijaisha."

Marisela mezani kwake alikuwa ameacha kugonga mihuri. Bi Ardis aliona tena jikoni kwake, bomba limefunguliwa, ile sahani mkononi. Safari hii aliiweka chini.

"Mwanangu," alisema, "njoo unywe kahawa."

Upepo wa milimani ulivuma sikioni mwake.

"Basi," ilisema sauti, "labda nusu kikombe."

Bi Ardis alisogea karibu na kioo akaisubiri picha. Ikafika: mtu mwenye koti la rangi ya chungwa aliinua uso kuelekea paani, chini ya theluji yote ile, akavua kofia.