Fungate ya Watu Watatu

Umeshawahi kumsikia bwana harusi akiomba apangiwe fungate ya watu watatu?

Mimi nimemsikia. Kwa masikio yangu haya haya, nikiwa kwenye kiti changu cha ofisini, mchana kweupe.

Na huyo bwana harusi hakuwa mteja wa kupita njia. Alikuwa mume wa mwanangu.

Ngoja nianze vizuri, maana nikiwa na hasira huwa narukaruka, na hapa nina hasira na mtu mmoja tu. Mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kupangia watu safari. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Meza tatu, feni moja inayolalamika kutwa, na ukuta mzima umebandikwa picha za fukwe. Wenzangu wanashughulika na tiketi. Maharusi ni wangu. Nimewapangia watu fungate mpaka wengine wameshanirudia niwapangie ya ndoa ya pili.

Mimi mwenyewe ufukweni sijawahi kukanyaga. Usinicheke. Kinyozi hajinyoi.

Nina utaratibu wangu. Maharusi siwahoji pamoja, kila mmoja anakuja kivyake. Ukiwakalisha pamoja wanadanganyana. Mke anasema anapenda kupiga mbizi kwa sababu mume kasema, mume anasema anapenda utulivu kumbe roho inataka disko. Ukiwatenganisha wanasema kweli, halafu mimi naunganisha.

Sasa tuje kwa Kidosho. Hilo ndilo jina lake la nyumbani. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alituacha mtoto hata shule hajaanza, na mimi ndiye mama yake mdogo, nikamchukua. Nimemlea mpaka amekuwa mwalimu wa chekechea. Ukimgusa yule, umenigusa mboni ya jicho.

Kaolewa na kijana anayetengeneza friji na viyoyozi. Sisi tunamwita Fundi.

Kijana mpole, maneno machache. Ila marehemu baba yake hamtoki mdomoni. Baba alikuwa anasema hivi, baba alikuwa anafanya vile. Ufundi kafundishwa na baba. Akikwama na jambo lolote anajiuliza baba angefanyaje. Mimi ananiita mama, na nilikuwa nampenda. Naomba hilo mliweke akilini.

Harusi ikapita. Fungate ikasubiri shule zifungwe. Nikatangaza kwamba kuipanga ni zawadi yangu, asiiguse mtu.

Kidosho akaja wa kwanza.

"Mamdogo, mimi nataka kulala tu. Asubuhi maji, mchana kulala, jioni maji. Basi."

"Hutaki kutembezwa visiwani?"

"Nimeshinda mwaka mzima na watoto wanaolia kwa zamu, nitembezwe niende wapi tena?"

Tukacheka mpaka dada wa tiketi akatuuliza kuna nini.

Kesho yake akaja Fundi. Akaingia, akafunga mlango.

Mlango wetu haufungwi mchana.

"Mama, chumba changu na Kidosho utaamua wewe. Ila nataka na cha pili."

"Cha pili cha nini?"

"Kuna mgeni."

"Mgeni? Kwenye fungate?"

Akatabasamu, akaangalia viatu vyake. "Mgeni wa heshima. Jina nitakupa siku ya mwisho. Ila naomba lisitoke hapa ndani."

Nikajikaza, nikarudi kwenye kazi. "Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke."

"Mama yako?"

"Mama? Yule gari likiwashwa tu anatapika. Hapana, si mama."

"Msichana, basi."

"Mtu mzima. Magoti yanamsumbua, ngazi haziwezi. Apate chumba cha chini kinachotazama maji. Na asubuhi wasimgongee, hajawahi kulala akashiba usingizi. Amehangaika sana yule." Hapo sauti yake ikalainika. "Ingekuwa wewe, mama, ungemchagulia chumba gani?"

Jamani. Ile sauti ilinimaliza.

Nikamjibu kwa meno ya mbele kwamba nitaangalia kizuri. Akashukuru, akaondoka zake anapiga mluzi.

Dada wa tiketi, ambaye sikio lake halijawahi kwenda likizo, akanisogelea.

"Shoga, hilo ni jimama."

"Acha!"

"Mtu mzima, magoti, amehangaika sana? Huyo kila siku anaingia nyumba za watu kutengeneza viyoyozi. Unadhani wenye viyoyozi ni wa umri gani? Jimama limemlea, sasa linadai chake."

Ningemwambia anyamaze. Nikamwambia aendelee.

Akaendelea, na mimi nikaendelea naye. Mpaka tunafunga ofisi, jimama tulishalitengenezea sura, gari na manukato.

Nikapiga simu hotelini. Chumba cha maharusi nikakipanga cha mbele kabisa, ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Cha mgeni nikamwambia wa mapokezi, "Kile cha nyuma, jirani na jenereta."

"Dada, kile huwa tunawapa madereva."

"Ndicho hicho hicho."

Nikakata simu nimejaa raha. Nikasema akalale na jenereta limbembeleze, mshenzi mkubwa.

Wiki ile hata bosi alikuwa wa ajabu. Kila akipita mezani kwangu ananiambia nimalize viporo vyote mapema. Nikajua nafukuzwa kazi. Lakini hata hilo sikulijali, kichwa changu chote kilikuwa kwa jimama.

Mtaniuliza, kwa nini usimuulize Kidosho? Nilijidanganya kwamba namwonea huruma. Kwa nini usimuulize Fundi mwenyewe, taratibu, kama mtu na mama mkwe wake? Hasira ilikuwa tamu. Nilikuwa nimeshajiona shujaa, na shujaa hataki kuambiwa amekosea kabla hajapigana.

Nikaitisha kikao.

Jumamosi mchana, sebuleni kwangu. Nikamwita mama yake Fundi. Nikamwita kaka yangu, mjomba wake Kidosho, awe mzee wa kikao. Kidosho sikumwambia, alikuwa shuleni wanagawa ripoti. Fundi nikampigia simu kwamba friji yangu haitoi baridi.

Akaja mbio na mkoba wake wa spana. Akakuta watu wamekaa wamenuna. Akaamkia wote, shikamoo huku, shikamoo kule, kisha masikini ya Mungu akanyoosha moja kwa moja jikoni.

"Rudi," nikamwambia. "Kaa hapo. Friji haina neno, mwenye neno ni wewe."

Akarudi.

"Mwambie mama yako, yule mwanamke unayempeleka fungate na mwanangu ni nani?"

Mama yake alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikasimama hewani.

Fundi akaniangalia. Nikadhani ni aibu ile. Leo nikiikumbuka ile sura, najua alikuwa ananionea huruma.

"Mama, naomba tuzungumze pembeni. Dakika moja tu."

"Pembeni si ulifunga mlango ukaniambia nisiseme? Leo ni hadharani. Sema!"

"Nakuomba, mama. Utaharibu."

"Mimi ndiye naharibu? Makubwa haya!"

Mjomba akakohoa kizee. "Kijana, umeulizwa. Jibu."

"Nimemwahidi mke wangu nisiseme."

Nikaangua kicheko cha dharau ambacho mpaka leo nakisikia. "Mke wako! Kwa hiyo yeye ndiye aliyekutuma utafute jimama?"

Lile neno ndilo lililomwinua mama yake.

Huyu mkwe wangu ni mama mtaratibu kupita kiasi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwenye harusi. Alisimama, akaweka kikombe chini, akamwendea mwanawe.

"Kumbe na wewe."

"Mama, sikiliza kwanza..."

"Nisikilize nini? Nimesikiliza maisha yangu yote! Baba yako naye alikuwa anaaga anakwenda kutengeneza friji. Friji gani isiyopona, kila Ijumaa? Ana mtoto kule, unajua? Una ndugu yako, baba mmoja! Nikanyamaza ili wewe umpende. Nimemzika nimenyamaza. Leo unataka kuwa yeye?"



Fundi alikaa polepole kwenye mkono wa kochi. Mkoba ukamponyoka, spana zikatawanyika sakafuni.

"Baba?" akasema. Hilo tu.

Mlango ukafunguliwa. Kidosho huyo, anacheka, mfuko wa dukani mkononi. Kumbe ripoti zimeisha mapema.

"Mamdogo! Kumbe mmekusanyika wote? Basi siri imeisha. Fundi, umeshamwambia?"

Akatumbukiza mkono kwenye mfuko. Akatoa kofia pana ya ufukweni, akanivalisha kichwani. Akatoa kandambili mpya, akazipanga miguuni kwangu.

"Chumba cha pili ni chako! Bosi wako ameshatoa likizo, tulimwomba kitambo. Unapangia watu bahari mpaka unazeeka na hujawahi hata kuloweka miguu. Tungekwambia mapema ungekataa, ungesema fungate ni ya watu wawili. Ndiyo nikamtuma huyu akuulize ungemchagulia mgeni chumba gani, maana ukiulizwa cha kwako utasema chochote tu..."

Sauti yake ikaanza kupungua. Alikuwa ameziona spana sakafuni.

"Kuna nini hapa?"

Ndugu zangu, magoti yale ni yangu. Ngazi za ofisini zinayajua. Aliyehangaika ni mimi. Asiyeshiba usingizi ni mimi. Nilisomewa sifa zangu moja baada ya nyingine, nikazisikiliza hadi mwisho, halafu nikamtukana mwenye sifa. Na chumba cha jenereta nilijipangia kwa kinywa changu.

Ingeishia hapo mngecheka, na mimi ningecheka nanyi.

Lakini mkwe wangu alikuwa amekaa chini, amejifunika uso kwa viganja. "Nimemwambia nini mtoto wangu? Jamani, nimemwambia nini?"

Mjomba, aliyekuwa anakohoa kizee, akatafuta viatu vyake kimya kimya akaondoka. Hata kuaga hakuaga.

Mimi nilipiga magoti yangu hayo mabovu mbele ya Fundi, kofia ya ufukweni bado iko kichwani. Akaniinua.

"Yameisha, mama. Ulikuwa unamtetea mwanao."

Angenitukana, ningepata nafuu. Kunisamehe upesi vile ndiko kulikonichoma.

Jumatatu nilipiga simu moja tu hotelini, nikakifuta kile chumba cha jenereta. Kosa hilo lilirekebishika. La baba yake Fundi sikuwa na wa kumpigia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wakanibembeleza sana niende nao. Sikwenda. Ningeketije mbele ya bahari, nimeletwa na mtu niliyemvunja moyo? Wakasafiri wawili.

Siku ya pili Kidosho akanipigia.

"Bahari ikoje, mwanangu?"

"Nzuri, Mamdogo. Chumba kizuri mno."

"Unalala?"

Akasita. "Yeye halali, na mimi nashindwa kumwacha. Anakaa tu kwenye mchanga anaangalia maji. Jana kaniuliza, unadhani tunafanana?"

"Kufanana na nani?"

"Na huyo ndugu yake."

Nilikata simu, nikaegemea ukuta wenye picha za fukwe, nikalia mbele ya wateja. Mtoto aliniomba kitu kimoja tu, usingizi. Na mimi ndiye niliyewanyima usingizi wote wawili.

Nikaenda kwa mkwe wangu. Sikujua naenda kusema nini. Alinifungulia mlango, akanikaribisha, akaniwekea na chai, ustaarabu wake ule ule. Mwanawe alikuwa hajampigia simu tangu siku ile ya kikao.

"Mkwe," nikaanza, "nisamehe."

"Nimeshakusamehe," akasema. "Lakini nikwambie kitu. Mume wangu alikuwa mume mbaya. Nikaamua mwanangu apate baba mzuri, basi nikamtengenezea mwenyewe. Kila alichokuwa anasema kuhusu baba yake, nusu nilimpandikiza mimi. Nimemtunza yule baba kwa miaka yote hii. Na mchana mmoja tu, sebuleni kwako, nimemuua kwa mdomo wangu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Wewe unayesoma hapa, labda na wewe kuna jambo la mtu umeliona halikuingii akilini, na umeshaanza kuita mashahidi. Muulize kwanza. Muulize peke yake, mlango umefungwa, na ukubali kusikia kwamba umekosea. Fundi aliniomba dakika moja. Ningempa hiyo dakika, leo mama yule angekuwa bado anamtunzia mwanawe baba.