Ng'ombe wa Pili

Je, niliyasaliti mapinduzi au niliyatumikia? Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kamati ya vijana ya Moroni ilikuwa imenikabidhi watoto wa mtaa wa Badjanani kila alasiri baada ya shule, niwafundishe usawa na nyimbo. Mmoja wao, msichana aliyeletwa kwa shangazi yake kutoka mji wa Mutsamudu, kisiwa kingine, alikuwa amemaliza wiki tatu bila kutamka neno.

Siku moja nilichelewa, nikawakuta wakicheza harusi kubwa, ile ya kuchinjia mji mzima ng'ombe, ambayo mapinduzi yalikuwa yameipiga marufuku. Mmoja alitambaa akiwa ng'ombe. Msichana yule, akiwa mama wa bibi harusi, alikuwa akimfokea bwana harusi: "Ng'ombe mmoja, na mji mzima unangoja nyama? Rudi kwenu ukajipange!"

Waliponiona, ng'ombe akasimama na kujipangusa magoti. "Kaka, utanishtaki?" msichana akaniuliza.

Kanuni ilinitaka nimshtaki. Lakini nilijua kwamba nikifanya hivyo, hatasema tena. Nikawaambia waende nyumbani, nitaamua.

Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilimpelekea ng'ombe wa pili: mimi mwenyewe, kwa magoti, kamba shingoni.