Kura Iliyomtoa Mke Wangu Niliiandika Mimi, na Jumamosi Itaonyeshwa

Admin, nifichie jina. Majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tano, Mnyarwanda niliyekulia Bukoba, sasa naishi Kabeza hapa Kigali na mke wangu na binti yetu wa miaka miwili, Keza. Kazi yangu ni upishi. Nawaandikia nikiwa jikoni kazini, Kicukiro, mikono inanuka vitunguu, kwa sababu nyumbani siwezi kushika simu dakika kumi bila kuulizwa nina nini.

Miaka minne iliyopita nilishiriki shindano la upishi la televisheni. Tulikaa nyumba moja wiki sita, kamera kila kona isipokuwa chooni. Kila wiki mtu mmoja alitoka, na waliomtoa ni sisi wenyewe. Unaingia chumba kidogo peke yako, unaandika jina kwenye kadi, unaionyesha kamera na kusema sababu. Ilitangazwa idadi ya kura za aliyetoka tu. Nani kamwandika nani, ilibaki siri.

Tukabaki wanne: mimi, mzee mmoja wa hotelini, mama wa Kitanzania nitakayemwita Zai, na msichana aliyekulia Uganda, nimwite Diane. Diane alikuwa anatupita wote. Siku aliyopika isombe, yale majani ya muhogo, majaji waliomba kuongezewa. Wiki hiyohiyo akatoka kwa kura mbili. Mzee alikiri palepale kwamba moja ni yake. Ya pili kila mtu alisema ni ya Zai, maana jana yake walikuwa wamegombania sufuria. Zai akakana, na hakuna aliyemsikiliza.

Ya pili ilikuwa yangu.

Sikuwa na chuki na Diane. Niliogopa kushindwa, basi. Na ushindi wenyewe sikuupata. Wiki iliyofuata niliunguza mchuzi nikaonyeshwa mlango. Nilipotoka nikaenda kumpa Diane pole. Akaniuliza kwa ile lafudhi ya huku inayochanganya l na r, "Wewe uriandika nani?" Nikamjibu, "Zai." Neno moja tu. Kuanzia hapo tukazoeana, tukachumbiana, tukaoana. Diane ndiye mke wangu, mama yake Keza. Siku ya harusi alishika kipaza sauti akawaambia wageni kwamba katika nyumba nzima, mimi peke yangu ndiye ambaye sikumsaliti. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilitabasamu huku nikitazama viatu vyangu.

Aliyeumia ni Zai. Mashabiki walimtukana mitandaoni mpaka wateja wa mgahawa wake pale Sonatubes wakaisha, akaufunga. Siku hizi anapeleka chakula maofisini kwa vikapu. Nikimwona ng'ambo ya barabara nabadilisha njia. Ndiyo, mimi ni mwoga, msihangaike kunikumbusha kwenye maoni.

Wiki iliyopita televisheni ikatuita tena. Wanaandaa msimu wa washiriki wa zamani, na sisi wanne tunarudi. Diane alifurahi kama mtoto, akaanza kujaribu mapishi siku hiyohiyo. Kesho yake binti mmoja wa kipindi akanipigia mimi peke yangu. "Kaka, siku ya kwanza, Jumamosi, tutaonyesha zile video za chumba cha kura. Kila mtu ataona nani arimutoa. Tafadhali, usimwambie madamu. Tunataka sura yake ya kweri." Nikamuuliza, je, nikijitoa? Akasema video ni yao, nilishasaini mkataba.

Nilichosema kwenye ile video nakikumbuka vizuri: "Huyu ananishinda kwa mbali. Akibaki, mimi sina changu." Halafu nikacheka. Kura naweza kuieleza. Kile kicheko sijui nitakieleza vipi.

Jumatatu akanipigia Zai, naye ameshaambiwa na kipindi habari ya video. Kumbe alijua siku zote. Kadi yake anaijua, ya mzee ilijulikana, na Diane hawezi kujiandika mwenyewe. "Shemeji," alisema, sauti imepoa kabisa, "nilinyamaza kwa sababu mlioana, sikutaka kuvunja nyumba ya watu. Lakini Jumamosi jina langu linasafishwa. Mwambie wewe kabla televisheni haijamwambia. Ukishindwa, usije kunililia mimi."

Nikajiapiza kwamba nitasema. Jumanne nikashindwa.

Jana jioni Diane alimaliza kumlisha Keza, akaweka kiti katikati ya sebule. "Papa Keza, kaa hapa. Wewe uko Zai. Nataka kufanya mazoezi, Jumamosi nisirie mbere ya watu."

Nikakaa. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Miaka ine," akasema. "Kutoka sio shida, sha, yare yarikuwa mashindano. Lakini uriniangaria kwa macho ukasema sio wewe. Ungekuja kwangu ukaniambia, ningekusamehe siku iyo iyo. Sasa unangoja mpaka turudi kwa televisheni?"

Akaniamuru, "Jibu. Sema kire angesema."

Nikasema, "Niliogopa utanishinda. Ni mimi niliyekuandika. Nisamehe."

Machozi yalikuwa yananitoka kweli, ndugu zangu, na sikuyazuia. Akainama akanitazama machoni. Nikajua amejua, na nawaambia ukweli, nilisikia nafuu. Halafu akacheka, akanipiga begani. "Yampayinka!" akashangaa kwa Kinyarwanda. "Unamuigiza vizuri. Na machozi iko." Akaenda zake kupiga pasi gauni la Jumamosi, huku akiimba.

Nilibaki kwenye kile kiti mpaka Keza akaja kunivuta mkono. Leo ni Alhamisi. Gauni limetundikwa mlangoni, kila nikipita linanigusa bega. Ninyi mliokaa kwenye ndoa nishaurini, nifanye nini? Namwambiaje mke wangu jambo ambalo nimeshamwambia, na akacheka?