Kiti cha Nyuma Anapokaa Mkwe

Naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, ingawa wewe uliyekuwepo huwezi kuikumbuka, maana ulikuwa bado unabebwa, na kazi yako ilikuwa kunyonya na kulala. Juzi umenitumia kwenye simu picha za gari unalotaka kununua, kwa kuwa umepata kazi Geita na mkeo mjamzito anabaki hapa Shinyanga. Picha nyingi, na karibu zote ni za rimu na taa. Chini ukaandika, "Shikamoo baba, naomba baraka zako." Marahaba. Baraka nitakupa, lakini sijazoea kubariki rimu. Kaa kwanza nikusimulie jinsi gari letu la kwanza lilivyopatikana, na nani hasa aliyelichagua.

Wakati huo nilikuwa fundi wa pampu za maji. Utakuja kuyaona mwenyewe machimboni: duara, lile shimo la wachimbaji wadogo, halikosi maji. Maji yakijaa kazi inasimama, na kazi ikisimama watu wanaanza kutafutana ubaya. Kwa hiyo fundi wa pampu alikuwa anatafutwa kuliko mganga. Nilikuwa naondoka Jumatatu kwa basi, vipuri vimo kwenye gunia, navuka ziwa kwa kivuko (leo ninyi mnapita juu ya daraja na bado mnalalamika), nafika Geita, halafu naingia Kharumwa na vijiji vya kandokando kwa chochote kinachotembea. Kurudi ilikuwa bahati. Kuna wiki nilirudi, kuna wiki sikurudi. Ulipozaliwa wewe nikamwambia mama yako kwamba nitanunua gari, niwe nafika nyumbani kila Ijumaa.

Sababu ya kununua gari ilikuwa hiyo tu. Lakini mtu akishaanza kutazama magari, sababu huwa inamtoka kichwani.

Kule kwenye dhahabu, mwanangu, watu wanakupima kwa macho kabla hujafungua mdomo. Wenzangu waliniambia fundi anayeshuka kwenye gari kubwa hapunguziwi bei na haambiwi asubiri kivulini. Dalali wangu, kijana wa mjini aliyeitwa Seif, alikuwa ameshanisoma. Akaniletea saluni kubwa nyeusi, injini ya silinda sita, viti vya ngozi, rimu pana zinazong'aa, matairi membamba kama mkanda. Lilikuwa la mnunuzi mmoja wa dhahabu. Nilipokaa kwenye usukani nikajiona nafika kwenye duara na vijana wananipisha. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, ila mimi mlango ulinitosha.

Seif alikuwa na gari jingine pia, akalionyesha kwa kuwa tu aliombwa na mwenyewe. Saluni ya kawaida, silinda nne, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, viti vya kitambaa. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa hapa mjini, aliyelitumia kufuata mzigo Mwanza, akalitunza kama anavyotunza cherehani. Nililitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni asiyehusika kwenye sherehe.

Sasa nimlete bibi yako. Mama Kabula, mama yake mama yako, alikuwa amekuja kutoka Ushetu kumsaidia binti yake baada ya kujifungua. Unajua mila yetu ya mkwe. Vijana wa siku hizi mnakumbatiana na mama wakwe zenu mbele za watu, nami sisemi kitu, lakini sisi hatukuwa hivyo. Tulisalimiana kwa mbali, macho chini. Hatukula pamoja. Alipokuwa na neno nami hakuniambia mimi, alikuambia wewe uliyekuwa mapajani kwake: "Masanja, mwambie baba yako mlango wa jikoni unapiga kelele." Na mimi niliyekaa hatua chache tu pembeni nikasikia, na kesho yake bawaba zikapakwa mafuta. Ulikuwa mjumbe mzuri sana, hukuwahi kupotosha ujumbe.

Jumamosi hiyo Seif akaleta magari yote mawili. Mama yako akasema twende sote, tuyajaribu hadi Tinde na kurudi. Asubuhi tukachukua jeusi. Mimi kwenye usukani, Seif pembeni yangu ananisifia namna ninavyolimudu, na nyuma mama yako na mama yake, na wewe katikati yao. Mkwe hakai mbele na mkwewe, hilo halikuwa na mjadala. Gari lilikwenda kama upepo. Nilisikia ukilia huko nyuma, nikadhani ni njaa. Wakati wa kurudi mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka hadi Seif akapendekeza tuongeze kidogo, akalisema jambo lenyewe harakaharaka na kuanza habari nyingine.

Mchana tukarudia njia ileile kwa lile la rangi ya chai. Halikuwa na cha kusimulia. Lilikwenda, likarudi.

Tulipofika nyumbani nikatangaza kwamba nachukua jeusi. Seif akatabasamu. Mama yako akanitazama, akaingia ndani, na nikajua si dalili njema. Bibi yako akatandika mkeka barazani, akakupakata, akaanza kuzungumza nawe kwa sauti ile yake ya chini.

"Masanja, mwambie baba yako hilo jeusi nimeliona. Ni zuri, litampeleka. Mimi nauliza lipi litamrudisha."

Nikacheka kidogo. Nami nikakuambia wewe, kama desturi ilivyotaka, umjulishe bibi kwamba yote mawili yana magurudumu ya kwenda na ya kurudi. Bibi yako hakucheka. Akakuweka sawa begani, akaendelea.

"Babu yako alikuwa anafanya kazi kwenye mgodi wa almasi. Akanunua pikipiki kubwa, kijijini hakuna aliyekuwa nayo. Ilikuwa inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka mbugani. Akawa anasema nitakuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukawa msimu wa pamba, msimu wa pamba ukawa Krismasi. Siku moja amekuja, mama yako, wakati huo mtoto wa kuchunga mbuzi, akakimbilia nyuma ya nyumba, akaniambia, mama, kuna mgeni. Babu yako alisikia. Hakuwa mtu mbaya, Masanja. Alikaa kwenye kigoda, na asubuhi akachukua jembe akaenda shambani peke yake, kama mgeni aliyemaliza siku zake mbili."

Seif alikuwa ameacha kutabasamu. Mimi nilikuwa nimeinama.

"Na mwambie na hili," akasema. "Leo kutwa ametuendesha, yeye yuko mbele. Sisi tunakaa nyuma. Mtu akitoka safari mgongo umemvunjika, nyumbani hafiki yeye, inafika hasira yake. Basi, nimemaliza. Lala, mjukuu wangu."

Mwanangu, nilikasirika. Nisikufiche. Nilikuwa fundi, nafungua injini na kuifunga, halafu mwanamke aliyetoka shambani kwake Ushetu ananifundisha gari mbele ya dalali. Nikatoka hadi uani nipunge hewa. Magari yalikuwa yamesimama pale ubavu kwa ubavu, na sijui ni kitu gani kilinifanya nifungue mlango wa nyuma wa lile jeusi nikakaa. Magoti yakagonga kiti cha mbele. Nikanusa moshi wa ekzosi uliokuwa umeingia kwenye zulia. Nikamwita Seif, nikamwambia aniendeshe hadi kwenye barabara ya vumbi nyuma ya soko, mimi nikiwa hapo hapo nyuma. Rimu zile pana na matairi yale membamba yalinirushia kila jiwe kiunoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulilia hadi Tinde, na roho ikaniuma kwamba nilidhani ni njaa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kisha nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuanza nayo. Sitakutajia tarakimu. Lile jeusi lingenifikisha Geita Jumatatu, lingenizungusha machimboni, na ikifika Alhamisi ningekuwa nachagua kati ya kujaza tangi na kuacha chakula nyumbani. Ningelala gesti. Ningepiga simu kwa jirani niseme nitakuja mwisho wa mwezi. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lingekuwa ninyi.

Tukanunua la rangi ya chai.

Usidhani kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Wachimbaji walilibatiza Chai ya Maziwa siku ya kwanza tu. Nikitokea, utasikia mtu anaagiza andazi. Mwenye duara mmoja pale Geita alilitazama, akanitazama, akampa kazi fundi mwingine aliyekuja na gari refu. Ilikuwa kazi nono na iliniuma, nililala nikiiwaza. Lakini pampu haijui umekuja na nini. Wengine walizoea, na baadaye utani wa andazi ukawa ndiyo salamu yangu. Na Ijumaa nilikuwa nawasha gari, navuka, nafika nyumbani jua lingali juu, mgongo wangu mzima, nina nguvu ya kukubeba. Siyo kila Ijumaa, nisikudanganye, maana kuna pampu zina kiburi kuliko watu. Lakini nyingi. Ulijifunza kutembea mimi nikiwepo, na ulipopata surua mimi ndiye niliyekupakata usiku wa pili mama yako akapumzika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu, hata ikiwa fimbo ya dhahabu.

Bibi yako hakulizungumzia tena jambo lile. Akarudi kwake, tukaendelea kusalimiana kwa mbali miaka na miaka. Wewe ulipokuwa shule ya msingi nyonga yake ikaharibika, akalazwa Mwanza, na madaktari walipoona wamefanya waliloweza wakaturuhusu tumpeleke nyumbani. Gari lilikuwa limeshazeeka, lakini shokapu nilikuwa nimezibadilisha na kiti cha nyuma kilikuwa bado kizuri. Tukamlaza pale juu ya mito, kichwa mapajani kwa mama yako. Sijawahi kuendesha kwa uangalifu namna ile. Kila shimo nililiona kabla halijaniona. Kutoka Mwanza hadi Ushetu hakulalamika hata mara moja, nami niliogopa kugeuka kumtazama.

Tulipofika uani kwake nikafungua mlango wa nyuma. Akanyoosha mkono akanishika wangu, jambo ambalo mila haikuruhusu, akanitazama usoni. Hapakuwa na mtoto katikati yetu wa kumpa ujumbe.

"Wabeja, Baba Masanja," akasema. Ile asante yetu ya Kisukuma. "Sikuumia."

Nikaenda kusimama upande wa pili wa gari, nikajifanya naangalia tairi. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha tulipomzika, na hadi leo nikiulizwa ni sifa gani kubwa niliyowahi kupewa katika kazi na maisha, ni neno hilo.

Basi sikiliza, mwanangu. Gari la mkononi usilione mchana likiwa limeshapashwa moto na muuzaji. Nenda asubuhi, weka kiganja kwenye boneti, hakikisha injini ni ya baridi, ndipo uiwashe mwenyewe uisikilize. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa dalali. Ulizia vipuri vyake Kahama na Geita kabla hujalipenda, kwa sababu gari ambalo bushi yake inaagizwa Dar litakufundisha kulala njiani. Injini ndogo inakutosha, barabara yako ni ya lami sehemu kubwa na wewe huendi kazini kushindana mbio. Matairi yawe na nyama. Lijaribu kwenye njia utakayopita, hata kipande chake cha vumbi, na muombe mtu mwingine aendeshe, wewe ukae nyuma. Halafu mchukue mama mkwe wako, umkalishe pale pale, mwende naye mbali kidogo. Hatakuambia kitu. Mwangalie anavyoshuka.

Hayo ni ya gari. La kwako wewe ni moja tu: usichague kwa macho ya watu utakaowakuta Geita, maana hao hutawalea wala hawatakuzika. Chagua kwa ajili ya wale unaowaacha Jumatatu. Watakaokucheka, waache wacheke, na ukiweza cheka nao. Kazi nyingine utazikosa, zitakuuma, nazo zitapita. Miaka ya mtoto haisubiri msimu wa pamba.

Sasa pokea baraka uliyoiomba. Mungu akutangulie barabarani na akufuate nyuma. Akuepushe na usingizi wa mchana, ng'ombe wa jioni na madereva wenye haraka za bure. Kazi ya mikono yako ionekane, mkeo ajifungue salama, na mwenye kukusubiri asichoke kukusubiri. Akupe Ijumaa nyingi, mwanangu. Mimi baba yako nilipewa, na kati ya vyote nilivyopewa, hakuna nilichokuwa na haja nacho zaidi.