Baharia wa Handeni

Wiki iliyopita bomba letu hapa Manundu lilikauka, ikabidi ninunue maji kwa kijana mmoja apitaye na baiskeli iliyofungwa madumu. Sijui aliyachota wapi. Nilipomimina dumu la kwanza kwenye ndoo, ikapanda harufu ya tope, samadi na majani yaliyooza, nikajikuta nimekaa kizingitini bila kujua nimekaa saa ngapi. Nina wajukuu sasa, magoti yananiuma, lakini pua haizeeki. Harufu ile ilinirudisha Handeni, nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimeloa chapachapa, na watu wamenizunguka. Mimi walinitazama kidogo. Baba yangu walimtazama sana.

Baba alikuwa mwanamaji. Mahali tulipoishi jambo hilo lilikuwa kichekesho. Kijiji chetu kilikuwa nje ya mji wa Handeni, nchi ya vumbi, miiba na ng'ombe, na maji yetu yalikuwa lambo moja lililochimbwa kwa ajili ya mifugo. Ng'ombe walikunywa upande huu, sisi tukateka upande ule, na katikati hapakuwa na mpaka. Watu walimwita baba Baharia. Watoto wenzangu waliniuliza kama huwa anavua samaki mtungini.

Hatukuwa watu wa pale. Mama alizaliwa Vugiri, huko milimani, na alipenda kusema kwamba kwao mtu hafuati maji, maji ndiyo yanamfuata mtu. Alipoolewa waliishi Korogwe, karibu na mto. Kisha vikaja vita vya Kagera, baba akapelekwa Ziwa Victoria, kwenye boti zilizokuwa zikivusha askari. Mimi nilikuwa mdogo mno, lakini nakumbuka alivyorudi: vigelegele, pilau, na baba katikati ya mkeka, ana miguu yote miwili, macho yote mawili, hana hata mkwaruzo. Bibi alimpapasa mwili mzima kama mtu anayechagua kuku sokoni, akatangaza kwamba mwanawe amerudi mzima.

Kabla mwezi haujaisha, baba alitaka tuhame. Mama alipomuuliza sababu, alisema mto unapiga kelele. Ndipo tukaenda Handeni kwa wajomba zake, mama akilia njia nzima kwa ajili ya migomba yake.

Kazi hazikumkaa. Alipata ulinzi Mazinde, kwenye mashamba ya mkonge, lakini pale palikuwa na mashine ya kusaga majani, nayo ilikuwa na mfereji wa maji unaonguruma mchana kutwa. Akaacha. Alikwenda mara kadhaa kuomba atazamwe na waganga wa jeshi, wakamwambia arudi nyumbani, hana kidonda. Alioga kwa kikombe, ameketi kwenye kigoda, akijimwagia kidogo kidogo huku macho yake yako wazi. Mimi na kaka yangu tulidhani ndivyo mabaharia wote wanavyooga.

Siku ninayoisimulia ilikuwa masika, lambo limefurika hadi kwenye vichaka. Mama alikuwa na homa. Baba akaniambia twende, mimi niteke, yeye abebe kwa baiskeli. Alisimama mbali kidogo na ukingo, ameshika usukani kwa mikono yote miwili, nami nikashuka na ndoo. Nilikuwa nimeshuka pale mara nyingi. Lakini tope lilikuwa limelainika, likameguka chini ya miguu yangu, nikaenda na ndoo.

Kuzama hakuna kelele. Nilipiga maji, nikaibuka, nikamwona baba. Nikazama, nikaibuka tena, nikamwona palepale. Hakukimbia, hakuita mtu. Alikuwa ameshika baiskeli, mdomo wazi, ananitazama. Nilinyoosha mikono kwake. Hilo nalikumbuka kuliko maji yaliyoniingia puani: nilinyoosha mikono, na baba yangu akarudi nyuma hatua moja.

Aliyenitoa alikuwa mama mmoja wa Kimasai tuliyemwita Mama Nasieku, aliyekuwa akinywesha ndama upande wa pili. Aliingia na shuka zake na shanga zake, maji yakamfika kifuani, akanikamata kwa gauni akanivuta kama anavyovuta ndama mbishi. Alinilaza kifudifudi, akanibonyeza mgongo hadi nikatapika. Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Ndipo akasimama, maji yakimchuruzika, akamtazama baba.

"Wewe mzee," alimuuliza, wala hakupaza sauti, "hii mtoto si ya kwako?"

Baba hakujibu. Mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza alipoona hakuna mwingine aliyecheka.

Tulirudi nyumbani, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli, yeye anaisukuma. Kabla hatujafika, habari ilikuwa imetangulia. Tangu siku ile jina la Baharia likapata mkia: Baharia wa nchi kavu. Vijana kilabuni waliliimba. Shuleni walimwaga kikombe cha maji chini, wakarukia nyuma kwa mayowe wakimwigiza baba. Mama alianza kwenda kuteka alfajiri ili asikutane na wanawake wenzake. Bibi alipokuja kututembelea akasikia yanayosemwa, aliwakabili majirani barazani, akawaambia, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akaingia ndani. Nilidhani ametabiri kwamba baba atakufa.

Siku chache baadaye baba alinishika mkono, tukaenda bomani kwa Mama Nasieku kutoa shukrani, na beberu mmoja tuliyemkokota. Watu wa boma walitupa vigoda na maziwa. Baba alikunywa yote, akaweka kibuyu chini, akasema, "Mama, uliniuliza neno, sikukujibu. Mtoto ni wangu."

Mama Nasieku akaitikia kwa kichwa, akangoja.

"Niliona mikono," baba akasema. "Sikuona mikono ya huyu. Niliona mikono mingi."

Mama Nasieku akanivuta, akanipaka mafuta usoni, akamwambia baba arudi na beberu wake, maana mtoto halipiwi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Mikono mingi ipi? Mle majini nilikuwa peke yangu, na mikono yangu ilikuwa miwili tu. Niliona baba ametafuta uongo, tena uongo wa kitoto, akausema mbele ya wageni. Nikaona haya upya.

Tulikua na haya ile nyumbani kama mtu anavyokua na kovu. Hakuna aliyeitaja. Baba alizeeka kimya, tukamrudisha Korogwe alipougua, hapa Manundu, na hapa ndipo alipofia. Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja kutoka Songea, Mzee Ngonyani, anatembea kwa mkongojo. Alituambia alikuwa na baba ziwani. Jioni, watu walipopungua, aliniita mimi na kaka yangu, akatusimulia.

Boti yao ilipigwa ikazama, askari wamevaa mabuti na mizigo. Baba na wachache walipanda kwenye mtumbwi mdogo. Wengine wakaja wakiogelea, wakashika ukingo, mtumbwi ukaanza kuinama. Mkubwa wao akatoa amri. Baba ndiye aliyekuwa amekaa ubavuni.

"Alikuwa akiwaita majina huku anawabandua vidole," Mzee Ngonyani alisema. "Alikuwa akiwaomba radhi. Mimi niko hai kwa sababu hiyo, mwanangu, na mpaka leo sijui niseme asante au niseme nini."

Nilikwenda chumbani kwa mama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika kanga. Nikamuuliza kama alijua.

"Tangu tukiwa hapa Korogwe, kabla hatujahamia Handeni," akasema. "Siku ile ya lambo aliniambia hakuogopa maji. Aliogopa mikono yake mwenyewe. Angekushika, nawe ungemng'ang'ania, na hakujua mikono hiyo ingefanya nini."

"Kwa nini hukutuambia, mama? Watu wamemcheka miaka yote hiyo."

"Aliniapisha. Alisema, waache wanangu wanione mwoga. Uoga mtoto anaweza kuusamehe."

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile, na nilipokaa kizingitini na ndoo yangu nililifikiria tena. Utotoni nilidhani kwamba aibu ni kitu kimoja, na kwamba baba hakuweza kuificha kwa sababu alikuwa dhaifu. Sikujua kwamba alikuwa na mbili. Nzito aliibeba peke yake, na nyepesi akaivaa mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima na mbele yangu, ili nisije nikaiulizia ile nyingine.