Namna ya Kumfikisha Mama Mkwe Mbeya kwa Treni

Mwaka huu nilitumwa Mbeya na mke wangu. Mtu wa umri wangu, mwenye shahada na miwani, angependa kuandika kwamba alisafiri kutafuta maarifa, lakini mimi nilitumwa. Shemeji yangu Zaituni, mdogo wake wa mwisho, alijifungua huko Mbeya, akapiga simu Chole, kisiwa kidogo cha kwetu Mafia, kumwomba mama yake aende akamlelee uzazi. Na mama yake, Bi Zuhura, yaani mama mkwe wangu, alikuwa hajawahi kumwona mume wa Zaituni uso kwa uso.

Ndoa ilifungwa Mbeya na Bi Zuhura alikataa kuhudhuria. Hakuwa na kosa la kumtajia kijana huyo, Lusajo, ila moja tu: amempeleka mwanawe mahali ambako hata samaki anafika akiwa amekwisha kuchoka. Kwa miaka miwili alizungumza na binti yake kwa simu, na kila Lusajo alipoomba kumsalimu, simu ya Bi Zuhura iliishiwa chaji palepale. Safari hii alikubali kwenda, kwa sharti alilolitamka mbele ya watoto wake wote: moyo ukikataa njiani, atashuka arudi zake. Mke wangu akanivuta uani akaniambia kazi yangu ni moja. Asishuke.

Tulichagua treni kwa sababu ya goti. Goti la kulia la Mama halivumilii kukunjwa, na basi la siku nzima lingemmaliza, ilhali treni ina kitanda. Mimi sikuwahi kupanda treni, wala mtu mwingine katika ukoo wetu. Mafia reli ingeanzia wapi na kuishia wapi? Lakini nilikuwa nimesoma habari zake kwa wiki nzima, na hilo likanipa ujasiri nisioustahili.

Alhamisi alfajiri tulivuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati. Bahari ilichafuka kidogo. Mama alikaa juu ya boti kama aliyekaa jikoni kwake, akimenya chungwa. Mimi, mzaliwa wa Kilindoni, nilitapika mara mbili, na mara ya pili ni yeye aliyenishikia miwani. Jioni tulifikia kwa binamu wa mke wangu Mbagala, ambako habari za miwani zilitangulia kufika kabla yangu.

Ijumaa mchana, stesheni ya Dar es Salaam, nilipata somo la kwanza, nami nakupa bure wewe unayekwenda kupanda kwa mara ya kwanza. Katika mabehewa ya kulala wanaume hulala chumba chao na wanawake chao, isipokuwa mmechukua vitanda vyote vya chumba kizima. Mhudumu wa behewa, mama mmoja mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa, alisoma tiketi zetu, akamwingiza Mama chumba cha tatu na kunisukuma mimi cha saba. Sikubishana. Kwetu mwanamume halali chumba kimoja na mama mkwe wake, na nilikuwa nimeshapanga kimoyomoyo kukesha nimesimama kwenye ujia. Baadaye nikajua kwamba Mama naye alikuwa amepanga kukesha kwenye ujia huohuo.

Somo la pili: unapokata tiketi ya mzee, omba kitanda cha chini. Mimi sikuomba, na Mama alipangiwa cha juu, kinachopandwa kwa ngazi nyembamba ya chuma. Aliitazama ngazi ile, kisha akanitazama mimi. Aliyeniokoa ni mwenzake wa chumbani, Mama Atupele, mfanyabiashara wa vitenge wa Mbeya, mwanamke mpana mwenye kicheko cha karibu. Alihamisha mizigo yake juu, akapandisha na chandarua chake alichonunua Kariakoo, akamwambia Mama, "Dada, lala hapo chini. Mimi nikianguka sitavunjika, nitadunda tu."

Saa tisa na nusu tuliondoka. Kila msafiri hupewa shuka na blanketi, lakini chukua kanga au shuka yako ya pili, na kandambili, na maji ya kutosha, na karatasi za chooni, maana vitu hivyo huisha kabla safari haijaisha. Kuna behewa la chakula, na mhudumu hupita milangoni akiuliza wali kuku au wali samaki. Mama aliuliza samaki gani. Alipotajiwa jina alishukuru kwa upole, akafungua mkoba wake, akatoa mkate wa kumimina na samaki changu wa kukaanga, akawagawia wote chumbani hadi mhudumu mwenyewe.

Kituo cha kwanza kidogo baada ya jiji ndipo nilipogundua kosa la mpango wetu wote. Treni ilisimama, watu watatu wakateremka na vikapu, wakaingia kwenye njia ya mihogo, wakapotea. Mama alikuwa dirishani. Aliniita.

"Baba Salma. Kumbe huku mtu anashuka tu?"

Nikasema ndiyo, kwenye vituo.

"Na vituo viko vingapi?"

Nilijua ni vingi, nikasema sijui. Tufikirie sisi watu wa kisiwani. Sisi chombo kikishang'oa nanga, moyo ukikataa utakataa peke yake. Hakuna wa kuuteremsha. Sharti la Mama, alipolitoa kule Chole, sote tulilichukua kama maneno ya kuondokea bandarini. Hakuna aliyekumbuka kwamba reli ina milango mpaka mwisho wake.

Tangu hapo sikuwa abiria tena, nilikuwa askari. Kila treni iliposimama niliruka chini, nikasimama mkabala na mlango wa behewa letu, nikijifanya nanyoosha miguu. Chumbani kwangu kulikuwa na fundi wa mashine za kusaga wa Makambako, jina lake Sanga, aliyepanda treni hii mara nyingi kuliko alivyopanda baiskeli. Alinihesabia safari zangu mpaka akachoka, akaniuliza kama nina ugonjwa wa tumbo. Nilipomweleza, alicheka akagonga kichwa kwenye kitanda cha juu. Akasema wenzangu hulinda mizigo isishuke, lakini mkwe ni mara ya kwanza kusikia.

Jioni tulipita mbugani, na Mama Atupele akatuita sote dirishani kuona twiga. Walikuwa sita, wakitutazama kama wazee wa mtaa wanavyotazama gari la mgeni. Mama alifurahi waziwazi. Alisali magharibi ameketi, baada ya kuuliza kibla na kuambiwa na mhudumu kwamba reli inapinda. Akasema yeye ataanza vizuri, mengine ni ya reli. Nilirudi chumbani moyo umetulia.

Jumamosi asubuhi tuliamka tukiwa milimani. Hapa lazima nikuonye: beba sweta. Mahandaki ya reli yalitumeza na kututapika, madaraja yakapita juu ya makorongo, ukungu ukakaa dirishani, na nilikuwa nimeanza kutunga sentensi nzuri kuhusu mandhari nilipokwenda kumwamkia Mama na kumkuta ameshafunga kibunda chake. Kibunda kilikuwa mapajani, fundo juu.

Nilimwamkia. "Marahaba," akasema, kisha akamuuliza Mama Atupele, si mimi, kituo kikubwa kinachofuata ni kipi. Akajibiwa ni Makambako, na kwamba hapo mabasi ya Dar ni mengi. Mama akatikisa kichwa polepole. Akasema, bado akizungumza na dirisha, kwamba usiku kucha amejiuliza atamwambia nini mtoto wa watu aliyemkatia simu miaka miwili, na jibu hakupata.

Ningekuwa mwanawe ningebishana naye. Mkwe hasemi. Nilisimama mlangoni na elimu yangu yote, nikasema, "Basi Mama, utakavyoona," nikarudi kumwambia Sanga kwamba nimeshindwa.

Saa nne na dakika chache, Makambako. Niliruka kabla treni haijatulia. Abiria waliteremka kwa wingi, jukwaa likajaa magunia na makoti, na katikati yao nikaona kanga ya zambarau kama ya Mama, kibunda kichwani, na mguu wa kulia unaoburutwa. Alikuwa anaelekea getini. Nilimfuata nikiita, "Mama! Mama, subiri!" Watu walinipisha, mtu mzima anayelia mama stesheni hupishwa. Nilimfikia nje ya geti, nikamshika bega. Akageuka bibi nisiyemjua, uso wa upole, akaitika, "Abee, baba?"

Nilikuwa bado namwomba radhi, naye bado ananiuliza mimi ni mtoto wa nani, honi ilipolia. Treni haina tabia ya kuita watu kwa majina. Nilirudi nikikimbia kwa kandambili, nikaona behewa la mwisho likipunguka taratibu, kwa heshima kabisa, kama mtu anayeondoka msibani.

Hilo ndilo somo la tatu, na ukisahau mengine yote ukumbuke hili: usishuke.

Nilipiga simu ya Mama. Haikupatikana; safari hii nadhani chaji iliisha kweli. Sanga, aliyekuwa anapakia vipuri vyake kwenye bajaji, alinikuta nimesimama na simu mkononi. Alinitazama kuanzia kandambili hadi miwani.

"Profesa," akasema, "katika nyinyi wawili, aliyehitaji kufungwa kamba ni wewe."

Lakini alinipeleka mwenyewe hadi stendi, akaniweka kwenye Kosta ya Mbeya, akamwagiza kondakta asiniruhusu kuteremka hata kuchimba dawa. Njiani niliwaza mambo mawili tu. Aidha Mama naye aliteremka Makambako kwa mlango mwingine, na sasa yuko kwenye basi la Dar. Au yumo treni peke yake, na atashuka kituo chochote kidogo ambacho hata jina lake sikulijua. Mke wangu alipiga. Nikamwambia mtandao unasumbua, jambo ambalo nimejifunza kwa mama yake.

Mbeya nilifika mapema kuliko treni, maana Kosta haipumziki. Stesheni nilimkuta Lusajo. Nilimtambua kwa picha: kijana mrefu, mwembamba, fundi umeme, blanketi jipya begani na bakora ya kutembelea mkononi, amemwazimia Mama kwa babu yake. Aliniuliza tuko behewa la ngapi, kisha akaona kwamba niko peke yangu na nje ya treni. Nilimweleza yote. Sikujipendelea. Akasema Zaituni tangu asubuhi ameshachemsha maji mara tatu. Kisha akaniambia kwamba yeye salamu ya kumpa Mama ameifanyia mazoezi tangu siku ya harusi. Tukakaa kwenye benchi.

Saa kumi kasoro treni iliingia. Milango ikafunguka, watu wakamiminika, nami nikawa natazama miguu ya kulia tu. Watu walianza kupungua jukwaani. Lusajo alikuwa ameanza kulikunja blanketi. Ndipo Mama Atupele akateremka na furushi la vitenge, na begi langu, na viatu vyangu vilivyofungwa kamba shingoni mwake, akageuka akanyoosha mkono juu, na Mama akaushika, akateremka ngazi moja moja.

Mama Atupele ndiye aliyesimulia, kwa sauti ya kusikiwa na stesheni nzima. Mama alikuwa ameshasimama Makambako, kibunda mkononi, mhudumu alipokuja mbio kusema yule bwana wa miwani ameachwa. Mhudumu akashauri Mama ateremshwe kituo kinachofuata anisubiri. Mama akaketi tena.

"Nikamwambia, nishuke nifanye nini?" Mama mwenyewe alimalizia. "Mwenye safari ni mimi. Yeye kama ameanguka, ameanguka. Nikishuka na mimi, nani atakwenda kwa Zaituni?"

Lusajo alisogea mbele. Akainama, akasema, "Shikamoo, Mama," kisha mazoezi ya miaka miwili yakamtoka yote, maana hakuongeza neno.

Mama alimtazama kwa muda. "Marahaba, mwanangu," akasema. Akampa kibunda. Akaichukua bakora, akaijaribu chini, akairudisha, akashika mkono wa Lusajo badala yake. "Mbona baridi hivi? Mtoto mnamfunika nini?" Wakatangulia, akimuuliza kuhusu nepi, na mimi nikafuata nyuma nimebeba viatu vyangu.

Siku ya nne nilirudi, treni ileile, peke yangu. Nililala kitanda cha juu, nikasoma, nikala wali samaki, na vituo vyote nilivisalimu kupitia dirishani. Ukiwa huna unayemlinda, treni ya kulala ni raha: inakubeba umelala, na asubuhi inakuamsha kwa ndizi za wachuuzi. Nimejifunza pia, ingawa kwa umri wangu ningepaswa kulijua, kwamba mtu aliyezungukwa na walinzi hupata muda mwingi wa kufikiria kutoroka.

Juzi, arobaini ikikaribia, Mama alipiga simu Kilindoni. Mke wangu aliiweka spika makusudi nisikie. Mama alisema atarudi wiki ijayo na Mama Atupele, anayeshuka Dar kununua mzigo. Lusajo ameshawakatia tiketi, vitanda viwili vya chini, vinavyotazamana. Mke wangu akamwambia nitakuja hadi Dar kumpokea.

"Hapana, mwanangu," Mama akasema. "Mwache Baba Salma hapohapo nyumbani. Sitaki safari yangu ichelewe kwa kumtafuta."