Malazi ya Mama

Mama alifia katika chumba chetu cha Bellevue, na hatukuweza kumrudisha kwetu Uvira, Kongo. Njia ya huko ilikuwa na vita. Tukamzika hapa Johannesburg. Matanga yalipokwisha Papa alinitazama akasema:

"Tumemuacha mama yako kwa watu. Mie sirudi pale makaburini."

Hakurudi. Kila nilipomwambia twende, alivaa sare yake ya ulinzi akaenda kazini.

Wakati huo nilikuwa nikijifunza Kigiriki cha Biblia kanisani kwetu, Rosettenville. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kikenya anayefundisha chuo kikuu. Jumamosi mchana alitufundisha sisi washonaji na wasusi tuliotaka kusoma Agano Jipya lenyewe. Siku moja nikamuuliza Wakristo wa kale waliyaitaje makaburi.

Akaandika ubaoni: koimētērion.

"Tulikate," akasema. "Mwanzo wake ni kitenzi koimaō. Si kulala, ni kulaza, kama mama anavyomlaza mtoto. Mwisho wake, -tērion, unataja mahali tendo linapofanyika. Kwa Kiswahili mngesemaje?"

"Mahali pa kulazia," mmoja akajibu.

"Kwa neno moja?"

Nikalitafuta kwa kulisema kimoyomoyo. Lala, laza...

"Malazi," nikasema.

Mwalimu akaliandika chini ya lile la Kigiriki. "Ehe," akasema taratibu. "Nimelifundisha neno hili miaka mingi, sijawahi kulisikia hivyo."

Kisha akatuambia jambo jingine. Kabla Wakristo hawajalichukua, kisiwani Krete chumba cha kulaza wageni kiliitwa kwa neno hilo hilo. Wagiriki walikuwa na neno lao la kaburi, taphos, toka kitenzi cha kuzika. Lakini Wakristo walipotafuta jina la mahali pa wafu wao, walichukua lile la chumba cha wageni.

"Maana anayelazwa," akasema, "huamshwa."

Nilitazama zile herufi nikashindwa kuandika. Watu waliokufa zamani sana, wa lugha nisiyozaliwa nayo, walikuwa wamemtengea mama yangu chumba.

Nyumbani nilimkuta Papa akinywa chai. Nikamweleza yote.

"Kigiriki kinasema vile?"

"Na Kiswahili pia, Papa. Malazi."

Akazungusha kikombe. "Ya wageni?"

"Ya wageni."

"Basi hatukumtupa," akasema. "Tulimlaza."

Jumapili baada ya ibada aliniambia nimpeleke. Tulipofika kaburini alivua viatu, akavipanga pembeni, akachuchumaa kwenye udongo. Akaongea na Mama kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliyerudi kutoka zamu alfajiri na hataki kumwamsha mwenzake. Sikusikia aliyosema, wala sikusogea.

Aliponyanyuka akaanza kusoma mawe ya jirani. Mzulu mmoja. Mreno. Mtoto mwenye msalaba wa mbao tu, jina limefutwa na mvua.

"Huyu nani anamwangalia?" akauliza.

"Sijui, Papa."

Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani.